Kipimo cha Ofisini

Abshiro alizaliwa Ijara, kwa wafugaji wanaoonja maji ya kisima kabla ya kunywesha ng'ombe. Alisomea kazi ya maabara, na kwa miaka sita akapima maji katika kiwanda kidogo cha kujaza chupa mjini Garissa. Wajinga aliwavumilia. Mjinga mwenye cheti ndiye aliyemshinda.

Huyo alikuja mwezi wa Machi: Deeq, meneja mpya aliyelelewa Nairobi, mtu wa kupangusa viatu mara tano kwa siku katika mji wa vumbi. Siku ya kwanza tu aliamuru sampuli zote za maji zipelekwe ofisini kwake.

"Meneja, ozoni haingoji," Abshiro akamwambia. "Ni gesi. Ikishaua vijidudu, yenyewe hutoweka, na kwa joto hili haikawii. Hupimwa palepale bombani."

"Abaayo, dada yangu, haya mambo nimeyasomea. Lete chupa."

Chupa ikavuka uwanja juani, ikakaa mezani hadi bwana mkubwa akamaliza simu mbili na kikombe cha chai ya maziwa. Ndipo akatia ile dawa ya buluu ambayo ozoni huifuta rangi. Buluu ikabaki buluu.

"Sifuri!" akafoka. "Mnawanywesha watu maji yasiyotibiwa!"

Akaamuru mashine ya ozoni iongezwe nguvu. Kesho yake sifuri tena, akaongeza tena. Abshiro alimpelekea vipimo vyake vya bombani, vinavyopanda kila siku. Deeq aliweka kikombe chake juu ya karatasi hizo.

Siku ya tatu chumba cha kujazia kilijaa harufu kali. Shurie, mfunga vizibo, akatoka nje akikohoa, macho yamewiva.

"Vumbi hilo," Deeq akasema.

Vumbi! Abshiro alizima mashine, akafungua milango yote.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Kifua cha Shurie."

Hewa ilipotulia, akaiwasha mashine kwa muda mfupi, akamvuta meneja hadi bombani mbele ya wafanyakazi. Akajaza chupa mbili polepole, bila mapovu, maana mapovu huitorosha gesi. Ya kwanza akaitia dawa papo hapo: buluu ikafutika yote. Ya pili akampa Deeq aishike juani kwa muda wa kunywa chai yake. Alisimama nayo, jasho likimtoka, hadi muda ukaisha. Ikatiwa dawa. Buluu tupu.

Deeq akaikodolea macho. "Labda chupa hii ni mbovu," akasema.

Hata Shurie, na kikohozi chake, alicheka.

Safiyo, mwenye kiwanda, aliagiza mashine irudishwe kwenye kiwango cha zamani na meza ya vipimo ihamie bombani. Juma lililofuata Deeq alibandika tangazo ukutani: kufuatia utafiti wake, vipimo sasa vitafanyika bombani. Abshiro alilisoma lote, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha neno "ozoni" lililoandikwa vibaya mahali pawili, kisha akaenda kazini.