Mpini Mrefu Kuliko Mkono

Visu huja kwangu vikiwa uchi. Bapa la chuma na mkia wake, basi. Mkia ni ile sehemu nyembamba ya nyuma inayojificha ndani ya mpini. Vingine vimefuliwa jana yake papa hapa Kariobangi kutokana na springi za lori, vingine ni vizee vilivyopoteza mbao zake. Mimi kazi yangu ni kuvivisha: mpini wa mbao, ala ya ngozi, mwenyewe anachukua na kwenda zake. Nimeifanya miaka mingi, hata nikimpa mtu mkono wa salamu najua tayari mpini wake utakuwa wa unene gani. Mke wangu anasema hayo ni majivuno, na huenda anasema kweli. Lakini kuna kisu kimoja kilichonivuruga kichwa, na kwa kuwa wenyewe wako hai, sitataja jina la mtu.

Kililetwa Jumatatu, wiki ya Idd ya kuchinja. Aliyekileta ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, muuza vitambaa vya jumla. Alikuwa amekifunga kwa gazeti.

"Niaje fundi. Hii ni ya buda. Alituacha miezi sita iliyopita. Kule Kaloleni, mtaa wetu wote, yeye ndiye alikuwa anawachinjia. Sasa Jumamosi ni mimi."

"Umewahi kuchinja?"

"Kuku."

Tulilitazama lile bapa pamoja. Kuku ni kuku. Beberu wa Idd, majirani wamezunguka na watoto wanachungulia, ni habari nyingine. Kijana wa marehemu akirudia kisu mara ya pili na ya tatu, mnyama anateseka na jina la baba linaingia doa. Sikuhitaji kuelezwa. Alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali kila baada ya maneno mawili.

"Mbao zilikuwa zimeoza, nikazitoa," akasema. "Nataka mpya. Lakini iwe ya mkono wangu, si ya buda."

Kwa kupima mkono huwa natumia donge la unga wa ngano nililolikanda kwa mafuta. Unalikamata vile utakavyokamata kisu, unaliachia, na mimi nasoma alama za vidole. Nilifundishwa hivyo na marehemu mwalimu wangu, ambaye hakuwahi kushika rula. Yule bwana akalikamata donge, nikaona mkono wa kawaida, vidole vifupi, kidole gumba kipana. Kazi rahisi.

Rahisi mpaka nilipougeukia mkia. Ulikuwa mrefu kupita kiasi, karibu mara mbili ya inavyotakiwa, na katikati palikuwa na kovu la kuchomelea. Mtu alikuwa ameuongeza kwa makusudi. Nikaugeuza huku na huku, sikuelewa. Kisu cha kuchinjia kinatakiwa kuwa chepesi nyuma ili makali yafanye kazi yenyewe. Ni nani mwenye akili zake anakiongezea chuma pasipotakiwa?

"Huu mkia nitaukata," nikamwambia.

"Kata," akasema, na akaenda zake.

Sijaukata bado, kesho yake akaja mama yake. Mama wa makamo, mrefu, amejitanda leso juu ya buibui. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi bila kukaribishwa kwenye benchi la wateja, katikati ya watu wawili waliokuwa wakisubiri panga zao. Akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na vile vipande viwili vya mpini wa zamani.

"Tengeneza kama huu. Urefu huu huu."

Nikavichukua. Mbao ilikuwa imeliwa na wadudu upande mmoja, lakini ilikuwa na alama nzuri za matumizi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Mbele palikuwa na bonde la kidole gumba kipana. Nyuma yake, pale ambapo mkono wa mtu haufiki, palikuwa na bonde la pili, jembamba. Nikajiona mjuzi.

"Mama, kisu hiki kilikuwa na wenyewe wawili. Labda baba mkwe wako, kisha mume wako. Mmoja akishika mbele, mwingine nyuma."

Akaikunja leso yake. "Kama unaona hivyo, sawa."

"Lakini kwa nini mpini mrefu hivi? Atakayekishika ni mwanao, na mkono wake nimeupima."

"Najua nani atakishika. Wewe tengeneza."

Alipoondoka nikampigia simu mwanawe. "Achana na mathe, fundi," akaniambia. "Ako na majonzi. Anataka kila kitu kibaki vile buda alikiacha, mpaka kikombe chake cha chai hatuguzi. Kata."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mteja asiyejua anachotaka hunipandisha. Hawa walikuwa wawili, kila mmoja anajua vizuri anachotaka, na kisu ni kimoja. Jumatano nzima nilifunga bapa kwenye jiriwa, nikashika msumeno, nikalifungua tena. Nikasema basi nianze na ala, ngozi haibishani na mtu. Nayo ikabishana. Ala nzuri humeza vidole viwili vya mpini ili kisu kisichomoke ovyo, na huwezi kujua itameza wapi kama hujui mpini unaishia wapi. Nikakata ngozi mara mbili, nikaharibu zote mbili, nikamfokea muuza chai ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Alasiri mama akarudi. Safari hii aliniambia nishike zile mbao kuukuu vile mchinjaji anavyoshika. Nikashika. Aliangalia mkono wangu, kisha akagusa ile sehemu iliyobaki tupu nyuma.

"Hapa pasiondoke," akasema. Kidole chake kikabaki pale pale.

"Pana kazi gani, mama?"

Akawatazama watu wa benchi, akawatazama na wachomeleaji wa ng'ambo ya barabara waliokuwa wakisikiliza bila haya. "Pasiondoke tu."

Nikamhurumia, nikadhani nimemwelewa. Nilijiambia huyu anaomboleza, na maombolezo hayana kipimo. Mwalimu wangu alikuwa na sheria moja: mpini ni wa mkono utakaofanya kazi, si wa anayelia. Alhamisi mwanawe alipokuja na kusimama mbele yangu, nikapiga moyo konde na kuukata mkia pale pale penye kovu. Kipande kikaanguka chini ya meza. Nikavisha mbao za mpingo kutoka kwenye mabaki ya wachonga vinyago, nikatoboa, nikapitisha misumari ya shaba, nikapiga tupa, nikalainisha kwa msasa mpaka ukawa kama shavu. Yule bwana akakamata. Vidole vikaingia mahali pake vyote, mkono ukatulia kabisa, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamwona anacheka.

"Huu sasa ni wangu," akasema.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nikamwambia aniachie gundi ishike usiku kucha, na ala nimalizie kushona.

Ijumaa mchana, wakati majirani zangu wengi wako msikitini na mtaa umetulia, mama akaja kukichukua. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikiweka mezani, sikumpa mkononi. Kisu hatukabidhiani mkono kwa mkono. Alikichomoa kutoka kwenye ala. Hakusema kitu juu ya urefu. Akakiweka tena mezani.

"Kishike. Simama kama unachinja."

Nikainama juu ya ndoo tupu. Akasimama nyuma yangu, akapitisha mkono wake kando ya mbavu zangu, leso yake ikafunika mikono yetu yote miwili. Nikasikia vidole vyake vikitafuta mbao nyuma ya vyangu. Havikuipata. Vikaishia kwenye kifundo cha mkono wangu, vikatulia hapo.

Ndipo aliponiambia. Mumewe alianza kutetemeka mikono miaka mingi nyuma. Alitaka kuacha kuchinja, akawa hali chakula wala halali usingizi. Mama akakichukua kisu akaenda nacho mpaka kwa fundi wa Mukuru kwa Njenga, ambako hakuna aliyewajua, kikaongezwa mkia. Mtaani walijua mzee ana mgongo mbovu na mkewe humshikilia nyuma akiinama. Leso ikaficha yaliyobaki. Mzee alisoma Bismillahi kwa sauti, mkewe akaisoma kwa kunong'ona, na mkono wake ndio uliokuwa ukisukuma.

"Idd saba," akasema. "Hata huyu mtoto hajui. Watu walikula kwa mkono wa baba yake, mimi nitauvunjaje? Nilitaka nimshike na yeye. Hii ya kwanza tu. Ana woga, fundi, mimi ndiye niliyemzaa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Mbele ya lile benchi lako?"

Nilijisikia mpumbavu, na nilikuwa mpumbavu. Alama mbili za vidole gumba, moja ya mkono mpana, moja ya mkono mwembamba, zilikuwa mkononi mwangu siku tatu, na mimi bingwa wa kusoma mikono nikazisoma kama historia ya ukoo. Nikamwambia bado kuna muda. Nitabandua mbao, wachomeleaji wako hapo ng'ambo, mpaka magharibi mkia utakuwa umerudi. Mwanawe nitamwambia nini sikujua, lakini ningepata cha kumwambia.

Aliuondoa mkono wake kwenye wangu. Kisha akaniuliza, "Jana alipokishika, mkono ulitetemeka?"

Hapo sikujua jibu gani ni la wema. Nikisema ndiyo, anapata nafasi yake nyuma ya mwanawe. Nikisema hapana, nimemwondoa. Nikasema kweli, kwa sababu ndiyo iliyokuja kwanza.

"Hapana, mama. Haukutetemeka."

Akarudisha kisu kwenye ala, akakifunga kwa leso, akaaga.

Jumamosi sikula vizuri. Nilimkasirikia mzee aliyekufa, nikamkasirikia mwanawe, nikajikasirikia mwenyewe. Jumapili mchana mama akatokea na bakuli la nyama, fungu la jirani, ingawa mimi si jirani wala si wa dini yake. Nilipokea kwa mikono miwili. Sikujua kama naletewa shukrani au lawama, na usoni mwake sikuweza kusoma.

"Alimaliza?" nikauliza.

"Alimaliza. Mara moja tu, hakurudia. Watu wamemsifu mpaka ameona haya."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akakaa kwenye benchi, akakunja mkono wa kulia mapajani na kuufunika kwa wa kushoto. "Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshajitanda leso. Aliposoma Bismillahi, mkono wangu ukaenda wenyewe, fundi. Haukupata pa kushika."