Watoto Hewa

Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni na watumishi wanapunguzwa kazini kila kukicha, nani hakuwa mwoga? Tulikuwa tumetoka kwenye uhakiki wa wafanyakazi hewa, wale wa majina tu kwenye orodha ya mishahara. Kila mtumishi aliitwa jina, akasimama, akaitika. Asiyeitika aliandikwa hayupo, na kazi yake ikaishia hapo.

Ndipo ikaja barua ofisini kwetu, elimu ya mkoa, ya kutaka daftari la mkoa la watoto wenye otizimu. Neno usonji, wanavyoiita siku hizi, tulikuwa hatujalisikia. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake, kwa hiyo niliisoma kabla yake: wakipatikana watoto kumi kufikia Ijumaa, Dodoma italetewa mwalimu wa darasa lao. Wasipopatikana, mwalimu anapelekwa mkoa mwingine. Nyumbani Makole nilikuwa na binti wa miaka minane ambaye shule zote zilimrudisha kabla ya wiki kwisha.

"Sitaki watoto hewa humu," bosi akasema. Akaweka utaratibu: mtoto afike mwenyewe, aitwe jina mara tatu, aitike.

"Mzee, watoto hawa wengi wao hata ukiwaita hawageuki."

"Sasa tutajuaje kama wapo?"

Jamani! nikasema moyoni. Mtoto si atakuwa kasimama mbele yako!

Alhamisi wakaja watoto kumi na mmoja, wangu akiwemo. Bosi akaita wa kwanza mara tatu. Mtoto yuko mapajani kwa mama yake anatafuna kola ya shati. Bosi akaandika: Hayupo. Wa pili, hayupo. Wa tano akaitika "Naam!" na bosi akachangamka kweli, kisha akakunja uso. Anayeitika vizuri hivi ana tatizo gani? Akamkata.

Bibi mmoja alikuwa amekuja na mjukuu wake kwa lori la mkaa kutoka upande wa Buigiri. Akamwambia bosi, "Mwanangu, angekuwa anaitika, ningemleta huku kufanya nini?"

"Bibi, mimi nafuata utaratibu."

"Haya, uite huo utaratibu tuone kama utaitika."

Mwanangu alikuwa wa mwisho. Aliitwa mara tatu, macho yake yako kwenye feni ya darini. Hayupo.

Hapo nikapandwa na hasira mpaka nikalia. "Mzee, huyu unamjua! Juzi umempa pipi kwa mkono wako!"

"Juzi haikuwa kikazi," akasema, naye hakuniangalia usoni.

Akatoa pedi ya wino na muhuri ule ule wa uhakiki, IMETHIBITISHWA, ili athibitishe kwamba mkoa mzima hauna mtoto hata mmoja. Mwanangu nyumbani hupanga vizibo vya soda kutwa nzima, kizibo kikipinda anaanza upya. Alinyanyuka, akamnyang'anya bosi muhuri, akaupiga kwenye mstari wa kwanza wa orodha. Akapiga wa pili. Akashuka hivyo hivyo mpaka wa kumi na moja, hata yule aliyekatwa, mihuri imenyooka kuliko ninavyochapa mimi. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipomaliza akaurudisha muhuri mezani, akausawazisha na ukingo wa meza.

Bosi akaivuta karatasi kwake. "Muhuri wa serikali haufutwi! Kila jina limeshathibitishwa! Wakaguzi wakiniuliza nani kapiga, nitasema nani?"

"Sema hayupo," bibi akamjibu.

Wazazi wakaangua kicheko, na mimi nikacheka na machozi yangu. Bosi hakucheka. Akashika kalamu, akaanza kurekebisha mstari mmoja mmoja, taratibu, bila kumwita mtu. Alipofika kwa mwanangu akasita. Akamwita mara ya nne, safari hii kwa sauti ya chini.

Mwanangu alikuwa amesharudi kwenye feni yake.

"Abee," nikaitika mimi.

Akaandika: Yupo.