Ulimi wa Bi Biasha uko nyumba ya pili

Saa kumi na nusu alfajiri, Msambweni. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ya mbuzi ya kukunia nazi inatoka jikoni kwa Bi Biasha Chande, inanyamaza kidogo, kisha inaendelea. Majirani wameizoea. Asubuhi wasipoisikia, huulizana kama kuna mgonjwa.

Bi Biasha, mwenye umri wa miaka 64, ameketi juu ya mbuzi, miguu ameielekeza upande mmoja, leso ameifunga kiunoni. Nazi ya nne iko mkononi na nyingine tano zinangoja. Sinia likijaa ataikamua nazi kwa kifumbu, tui zito peke yake na tui jepesi peke yake, kisha atalichanganya na maziwa ya ng'ombe, sukari, iliki na chembe ya chumvi, na kulipika kwa moto mdogo huku akikoroga.

Likipoa litaingia kwenye friza ligande: hiyo ndiyo ashikrimu ya Bi Biasha, aiskrimu ya nazi. Ameiuza mahali pamoja, karibu na njia iendayo hospitalini, tangu mwaka wa 1992.

Kabla sufuria haijapoa, mlango unagongwa kwa kidole.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Fondo. Umelalaje?"

"Nimelala kwa goti moja. La pili limekesha."

Anayeingia ni Mbodze Mramba, jirani wa nyumba ya pili, mwenye umri wa miaka 67. Haulizi kitu. Anachukua kijiko, anachota, anapuliza, anaonja. Bi Biasha amesimama kando, mikono ameikunja, anamtazama mdomo.

"Sukari, ongeza nusu kikombe," anasema Mbodze. "Tui ni zuri. Iliki imekaa."

Bi Biasha anaongeza nusu kikombe. Yeye mwenyewe haonji. Hata akionja hatajua kitu, kwa sababu ni mwaka wa tatu sasa tangu alipopoteza ladha na harufu.

Ilianza na homa. Aliugua wiki mbili, akapona, akarudi jikoni. Siku ya kwanza alipopika, alidhani amenunua iliki kuukuu. Akanunua nyingine. Siku ya tatu alichukua kipande cha kitunguu, akakitafuna chote, akaketi chini.

"Najua baridi na najua moto," anasema. "Baina ya hivyo viwili, hakuna kitu. Daktari aliniambia huenda itarudi. Nami nangoja."

Hakumwambia mtu. Muuza ashikrimu asiyejua ladha, anasema, ni kama fundi cherehani asiyeona tundu la sindano. Angenunua nani?

Aliyemwokoa ni Ramadhani. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila mwezi wa mfungo ukiingia, Bi Biasha hupika mchana ili auze jioni baada ya magharibi. Akiwa amefunga haonji, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na Mbodze, ambaye ni Mkristo. Ni desturi yao ya tangu watoto wao wakiwa wadogo. Idi ikifika, Mbodze hupelekewa sinia la mahamri na deni lake la kuonja huisha.

Mwaka ule Idi ilipita, na bado Bi Biasha aliendelea kumwita.

"Nikamwambia, mwenzangu, mfungo umekwisha, waniita nionje nini?" anakumbuka Mbodze. "Alinipa kijiko tu. Nikaona ananitazama mdomo, yeye mwenyewe haonji. Sikuuliza tena. Kesho yake nikaja kabla hajaniita."

Amekuja kila alfajiri tangu siku hiyo, hata kwenye mvua, hata goti likiwa limevimba.

Sasa Mbodze anaondoka. Mwanawe wa kwanza, Fondo, amemjengea nyumba Kinango, kwao, na Jumamosi gari litakuja kubeba vyombo vyake. Hakulazimishwa. Anataka kukaa karibu na wajukuu na mbuzi zake, mbuzi wa kweli wenye miguu minne, kama anavyosema mwenyewe, si huyu wa kukuna nazi.

Kwa Bi Biasha, swali si nani atakayeonja. Watu wa kuonja kitu kitamu hawakosekani. Swali ni nani atakayemwambia ukweli.

Analisema hilo kwa sababu ya siku mbili za mwezi wa nne. Mbodze alikuwa amekwenda matangani Kinango. Stima ikapotea usiku, friza ikayeyuka, asubuhi ikarudi. Bi Biasha aligandisha upya, akatoka kuuza. Akauza vikombe ishirini na viwili. Watu walikula, wakamshukuru, wakamwambia mashallah.

Mbodze aliporudi jioni alionja kimoja kilichobaki, akatema.

"Tui lilikuwa limechacha, chungu," anasema Bi Biasha. "Na watu ishirini na wawili walikula wakaniambia ni tamu. Walinihurumia au waliniheshimu, sijui. Lakini adabu yao ingenifunga biashara. Mtu atakula leo kwa heshima, kesho atapita njia nyingine."

Biashara yenyewe si kubwa. Siku nzuri huuza vikombe sabini, shilingi ishirini kimoja, na akitoa nazi, maziwa, sukari na stima hubaki na shilingi mia tano hivi. Lakini ndiyo iliyosomesha watoto watatu baada ya mumewe, Jaafar, kufariki, na ndiyo inayomfanya asimwombe mtu.

Jumanne hii, wiki ya mwisho ya Mbodze mjini, Bi Biasha ameamua kufanya jambo. Baada ya kujaza vikombe vya kawaida, anabakisha tui kidogo sufuriani. Analitia iliki vijiko vitatu vilivyojaa.

"We! Wataka kuua watu?" Mbodze anashika mdomo.

"Iliki haiui. Nataka kujua nani ana ulimi na nani ana adabu tu."

Saa nane mchana meza imetandikwa kitambaa cha maua, na kasha la barafu liko juu yake. Vikombe kumi vya mtego vimewekwa upande wa kushoto. Mbodze ameketi kwenye kigoda, tayari kutazama nyuso.

Wa kwanza ni muuguzi kijana kutoka bara, anayepita kununua kila akitoka zamu. Anakula vijiko viwili, anakohoa kidogo. "Iko fiti sana, mathe," anasema, akimeza haraka. Anapewa kikombe cha pili, kizuri, bila malipo. Haelewi kwa nini, lakini anashukuru.

Wa pili ni Chirau, mlinzi wa hoteli moja ya Diani, mwenye miaka 38. Akipata siku ya mapumziko huja Msambweni kumwona mamake, na hafiki nyumbani kabla ya kupita hapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Diani?"

"Salama. Wageni ni wachache, jua ni jingi."

Chirau alikuwa mtoto mgonjwa wa kifua. Anakumbuka sindano za hospitali, na anakumbuka zaidi kilichofuata. Siku hizo ashikrimu ilikuwa kwenye vifuko vya plastiki, kabla havijapigwa marufuku. Mtoto alikuwa akitoboa pembe kwa jino, akifyonza, na maziwa yakimteremkia hadi kwenye kiwiko.

"Siku moja mamangu hakuwa na hata shilingi," anasema. "Akanishika mkono kunivuta nipite bila kutazama. Bi Biasha akaita, akasema, njoo nikupe hii, imepasuka, siwezi kuiuza. Nilipoishika niliona haijapasuka."

Hotelini kwake kuna aiskrimu za rangi saba, na wafanyakazi wakati mwingine hupewa iliyobaki. Anasema ni tamu, lakini akimaliza hakumbuki alikula nini.

Anakula kile kikombe cha iliki chote, taratibu, machozi yakimlengalenga. Bi Biasha anamuuliza ikoje.

"Ni ileile, mama. Haijabadilika hata chembe."

Mbodze anageuka pembeni, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Bi Biasha hacheki.

"Chirau, mwezi wa nne ulikuja?"

"Nilikuja."

"Ulikula nini?"

Chirau anatazama viatu vyake. "Ilikuwa imechacha kidogo."

"Kidogo?"

"Sana, mama. Lakini ningekwambiaje? Wewe?"

Bi Biasha anampa kikombe cha pili, anampapasa bega. Baadaye anasema hakumkasirikia. Mtoto aliyepewa kifuko kizima akaambiwa kimepasuka, anasema, amejifunza uongo wa namna hiyo kutoka kwake mwenyewe.

Hadi alasiri vikombe tisa vya mtego vimekwisha. Watu tisa wamekula. Tisa wamesema tamu.

Cha kumi kinachukuliwa na Abdurahman, fundi cherehani wa kibanda cha jirani. Ana miaka 70, na kwa miaka kumi na moja yeye na Bi Biasha hawapatani. Hulalamika kuhusu kivuli cha mwavuli wake, kuhusu watoto wanaogusa vitambaa kwa vidole vyenye maziwa, kuhusu maji ya barafu yanayotiririka mlangoni kwake. Hata kikombe cha plastiki hakitaki. Huja na kopo lake la bati, na hulipa kabla ya kula.

Kikombe kile kinahamishiwa koponi, anaketi, anaonja, kijiko kinasimama hewani.

"Bi Biasha, leo kuna hitima ya nani?"

"Kwa nini, fundi?"

"Iliki yote hii ni ya pilau ya watu mia mbili. Ulimi wangu umekufa ganzi. Haifai! Nipe nyingine au nirudishie pesa zangu."

Mbodze anapiga kofi gotini, goti lilelile bovu, akajiumiza mwenyewe, akaendelea kucheka. Bi Biasha amejifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Mnanicheka nini?" Abdurahman anauliza. "Kusema kweli ni kosa?"

"Na mwezi wa nne, fundi? Ile siku baada ya stima kupotea?"

"Nilikwambia! Nilikuja mpaka hapa mezani nikakwambia imechacha. Ukaniambia nirudi kwenye cherehani yangu nikashone."

Bi Biasha anatafakari. Ni kweli. Alimwambia hivyo. Alidhani ni malalamiko yake ya kila siku, na kopo lake la bati hakulihesabu kati ya vikombe ishirini na viwili.

Basi hapo, barabarani, wapita njia wakisikia, anamwambia neno ambalo kwa miaka mitatu hakumwambia mtu. "Fundi, mimi sina ladha. Wala harufu. Aliyekuwa akinionjea ni Mama Fondo, na Jumamosi anaondoka."

Abdurahman anaweka kopo chini.

"Mimi nilidhani nakuudhi tu," anasema. "Kila nikisema, nilijua naudhi. Lakini kitu kizuri kikiharibika kidogo, mimi kinaniuma. Siwezi kunyamaza."

Kisha anatoa masharti, kama ilivyo kawaida yake. Ataonja kila alfajiri akitoka msikitini. Hataingia ndani, kwa kuwa Bi Biasha ni mjane na yeye si maharimu wake, si jamaa wa karibu. Kikombe kitawekwa ukingoni mwa baraza, ataonja akiwa amesimama nje, atasema, ataondoka. Na atalipa.

"Kulipa kwa nini? Nikuombe msaada kisha nikutoze?"

"Nikila bure nitaanza kuwa na adabu," anasema Abdurahman.

"Mtasemwa nyinyi," Mbodze anawaonya.

"Kwa umri huu?" anajibu Bi Biasha. "Waache waseme, angalau watakuwa wamesema kweli kuwa anakuja."

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wanaonja wawili, Mbodze ndani na Abdurahman barazani, kila mmoja bila kumsikia mwenzake. Mara mbili wanakubaliana. Mara ya tatu Abdurahman anasema chumvi imepungua, na Mbodze anaonja tena, anakubali kuwa hakuigundua.

"Basi naweza kwenda," anasema.

Limebaki jambo moja. Ramadhani, Abdurahman naye atakuwa amefunga. Bi Biasha ameshapanga. Mwezi wa Shaaban, unaotangulia mfungo, ukikaribia kwisha atafunga meza siku mbili, apande gari hadi Kinango, amchukue Mbodze akae nyumbani kwa Bi Biasha mfungo mzima. Mfungo huo pia anataka kurudisha desturi aliyoiacha tangu augue, ya kumpa ashikrimu ya bure mtoto yeyote aliyemaliza mfungo wake wa kwanza. Aliiacha kwa kuogopa kumpa mtoto wa watu kitu kibaya siku yake kubwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari limejaa: kitanda, mapipa mawili ya maji, kuku watatu ndani ya kikapu. Fondo anapiga honi kwa upole. Bi Biasha amekuja na kasha dogo alilolifunga kwa magazeti na pumba za mbao, vikombe vinane ndani, vya wajukuu.

Mbodze anaupitisha mkono juu ya kasha, analirudisha.

"Hadi Kinango hii itakuwa maziwa, Biasha. Nitawapa watoto maziwa niwaambie ni ashikrimu? Mimi niliyekufundisha kusema kweli?"

"Basi nikupe nini?"

Mbodze amekwisha kupanda, mguu mbovu umeingia mwisho. Anashusha kioo.

"Nyinyi watu wa Msambweni hukumbuka njia ya Kinango kukiwa na matanga," anasema. "Usingoje hivyo. Wala usingoje Shaaban. Njoo mwezi ujao, mikono mitupu, nikiwa bado naweza kukupikia. Kisha urudi nyumbani, na uje tena."