Nilimimina chumvi ya jikoni kwenye tangi la matumbawe, nikamsingizia mtani wangu

Nimekosa, na kosa lenyewe lilinuka. Sisemi kwa mafumbo. Lilinuka kuanzia mapokezi hadi chumba namba tisa, na mpaka leo nikinusa dagaa nakaribia kutapika.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni hapa Tabora, maeneo ya Cheyo. Mnyamwezi wa Sikonge, mtoto wa mfugaji nyuki. Bahari nimeiona mara moja tu maishani, nilipokwenda Dar kwenye harusi, na hata viatu sikuvua.

Bosi wetu, mjane mchapakazi ambaye sote tunamwita Mama, alikwenda huko huko Dar kutibiwa meno. Kwenye chumba cha kusubiria akakuta tangi la kioo lenye matumbawe hai, yanapepea majini, mengine ya zambarau, mengine ya kijani. Alirudi haongei kingine. Kabla mwezi haujaisha akaagiza tangi la kuweka mapokezi, pampu, taa, mawe ya baharini na ndoo ya chumvi maalumu, ile iliyochanganywa madini yote ya bahari.

Fundi aliyekuja kulifunga aliuliza nani atalitunza. Nikanyoosha mkono! Nilikuwa nimeangalia video tatu kwenye simu, basi nikajiona bingwa.

Akanielekeza taratibu. Maji yaliyochujwa, chumvi ya kwenye ndoo, kipimo cha kujua ukali wa chumvi. Kisha mawe ndani, pampu iwake, na kusubiri wiki sita ili maji yakomae, yaani vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane kwenye yale mawe. "Usiweke kiumbe hai kabla ya hapo," akasema. Nikaitikia kwa kichwa huku nikichezea simu.

Na jamani, kusubiri nilifundishwa! Nyumbani kwetu ukirina asali kabla haijaiva inachacha, na baba alikuwa akinichapa kwa kosa hilo. Siwezi kusema sikujua.

Fundi alipoondoka, ile ndoo nikaifungua kuwaonyesha wageni, nikajisifu, nikasahau kuifunga. Mvua zilikuwa zimekolea. Baada ya siku chache nikakuta chumvi yote imenyonya unyevu na kuwa jiwe. Niliipiga kwa nyundo, nikaitia majini, ikabaki mabonge hayataki kuyeyuka.

Ningekwenda kwa Mama siku ile ile nikasema nimeharibu, angefoka yakaisha. Sikwenda. Niliingia stoo ya jikoni mchana kweupe, nikabeba katoni ya chumvi ya kupikia, nikaimimina yote kwenye tangi. Kipimo kikasoma sawasawa! Kile kipimo kinajua chumvi ni kali kiasi gani, hakijui ni chumvi gani. Pakiti tupu nikazitupa kwenye pipa la jikoni.

Sasa jikoni alikuwapo mpishi wetu. Nimwite Mwanahawa, jina lake silitaji. Ni Mzigua wa Pangani, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na meno ya tembo mabegani. Miaka minne tulitaniana. Yeye ananiita mbeba mizigo, mimi namwita mla pweza. Siku moja alinitilia chumvi kwenye chai mbele ya wageni, Mama akacheka hadi akakaa chini.

Siku hiyo Mwanahawa alipita na sinia, akasimama kwenye tangi, akachovya ncha ya kidole na kuilamba.

"Mtani, hii si bahari," akasema.

"Ni nini sasa?"

"Maji ya kuchemshia mihogo. Bahari ina uchungu nyuma ya chumvi, unabaki kooni. Haya hayana. Mwaga uanze upya."

"Rudi jikoni ukakune nazi."

"Sikutanii leo. Utaua viumbe vya watu."

Mimi nikacheka! Nikampigia saluti kwa kejeli. Alikuwa ananiambia ukweli mtupu na mimi nikauchukulia utani, kwa sababu ulinifaa kuwa utani.

Wiki ya pili Mama akaniuliza kama maji yako tayari, maana ndugu zake walikuwa wanakuja kwa sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Nikasema, "Tayari kabisa, Mama." Matumbawe yakapandishwa basi kutoka Dar, ndani ya mifuko ya maji na sanduku la povu gumu. Nikayapanga juu ya mawe, nikapiga picha.

Asubuhi ya pili yalikuwa yamejikunja. Siku ya tatu yakaanza kutoa ute, mzito, wa kijivu, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Nyama ikabanduka vipande vipande na kuelea, pampu ikaisaga na kuirudisha. Kilichobaki ni mifupa myeupe. Maji yakawa rangi ya togwa na yakatoa povu juu.

Harufu hiyo jamani! Ndugu za Mama waliingia na vitenge vyao vya sherehe, wakashika pua mlangoni. Shangazi mmoja akatapika kwenye chungu cha maua pale mapokezi. Niliingiza mkono ndani ya uchafu ule kutoa mizoga, nao ukanata hadi kwenye kiwiko. Nilijisugua kwa sabuni ya kufulia na bado nilijinusa.

Mama akatuita wote. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hapo ndipo anapotisha. "Nani kafanya hivi?"

Nami mdomo wangu huu nikaufungua. "Mama, mimi sipendi kusema. Ila mtani wangu huyu alitia mkono kwenye tangi. Na kwenye pipa lake kuna pakiti za chumvi."

Mnajua Mwanahawa alifanya nini? Alicheka. Alidhani namtania! Akanipiga kidogo begani, akasema, "Haya mbeba mizigo, maliza utani wako, Mama amekasirika."

Nikaangalia chini.

Alisubiri. Nilihisi anavyonitazama, na kicheko kikimwisha taratibu usoni. Wenzetu wakaanza kunong'ona habari ya ile chai yenye chumvi. Mmoja akasema utani wetu siku zote ulikuwa unazidi. Pakiti zikaletwa. Mama akamwambia avue aproni, na Mwanahawa akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Hakunitukana. Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokanyaga, nami nilistahili.

Mimi nikabaki na kazi yangu. Nikala mshahara wangu. Nyie, binadamu anaweza kuwa uchafu!

Mwezi uliopita baba yangu alifariki. Kwetu msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kutuchekesha. Analala ndani ya kaburi lililochimbwa, anagoma kutoka mpaka apewe kuku, na watu waliolia siku mbili wanajikuta wanacheka. Mwanahawa alikuwa ameniahidi zamani kwamba mzee akiondoka atakuja Sikonge kudai jogoo wawili. Hakuna aliyelala kaburini. Tulizika kimya, na jioni ukaingia ujumbe wake kwenye simu: "Kaka, pole kwa kufiwa na mzee. Mungu ampumzishe."

Kaka! Miaka minne hajawahi kuniita kaka. Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika kweli.

Ndugu msomaji, ukitaka kufuga matumbawe, subiri maji yakomae, na chumvi ya jikoni iache jikoni. Lakini hilo ni dogo. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo ungali unaona aibu kidogo, maana ukikaa nayo inaoza na itamwozea mwingine mikononi. Na kama una mtani, usithubutu kumgeuza ngao. Mtani anakusamehe matusi yote ya duniani, ila hilo hapana.

Mama, najua unasoma ukurasa huu kila Jumamosi, na gazeti hili ni mimi niliyekuwekea mezani leo. Chumvi niliimimina mimi. Mwanahawa aligusa yale maji kwa ncha ya kidole tu, akanionya. Mpigie kwanza yeye. Mimi niko hapa mapokezi, nasubiri uniite.