Nilivyowajibu Wauza Dawa za Nywele

Niliambiwa, nami nikaamini kabisa, kwamba huko Amerika yuko mama mmoja mnene mwenye kalamu nyekundu ambaye kazi yake ni kukagua masanduku yote ya barua pepe duniani. Akikuta barua ambayo hujaijibu, anakupa wiki moja. Wiki ikiisha, anakata jina lako na sanduku anapewa Mjapani aliye kwenye foleni. Habari hii niliipata kwa jamaa wa kule Kiogoro tuliyesoma naye masomo ya usiku. Jamaa huyo alikuwa ameona kompyuta mara mbili, na mara ya pili ilikuwa imewashwa. Mimi ni nani nimbishie?

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mjini Kisii palikuwa na duka la vitabu la familia moja ya Kihindi, na nyuma ya rafu za daftari walikuwa wameweka kompyuta ya watu kuandikia imeli. Aliyeisimamia alikuwa mke wa kijana wa mwenye duka. Sisi wateja tulimwita madam. Alikuwa akinisalimu kwa Kikisii safi, kisha ananiuliza kama nahitaji msaada, nami namwambia hapana, madam, mimi nimesoma.

Sikwenda pale kwa starehe. Dada yangu alikuwa ameposwa na watu wa Nyamira na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa siku ya harusi. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hivyo wa kumpeleka dada mbele ya kanisa alikuwa kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akisoma na kufanya kazi Kanada. Mama alikuwa ameapa kwamba bila kaka hakuna harusi. Barua ya posta ilichukua muda ambao mtoto angezaliwa, akaota meno, akaanza kuchunga ng'ombe kabla ya jibu kufika. Ndiyo maana kaka alituagiza tutafute anwani ya imeli. Akishapewa ruhusa kazini atatuandikia siku anayoweza kuja, nasi tumjibu upesi, ndipo akate tiketi.

Nikafungua sanduku, nikamtumia anwani pamoja na namba ya simu ya lile duka, nikaanza kungoja. Na mtu anayengoja lazima afanye kitu.

Kwetu huwezi kuingia shuleni, ofisini wala zahanati ukatoka bila kutia sahihi kitabu cha wageni. Jina, anwani, maoni. Kupita kimya ni tabia ya mwizi. Sasa nikagundua kwamba tovuti nyingi nazo zilikuwa na kitabu cha wageni! Nikatia sahihi kila nilichokiona. Nilitia kwenye cha wafuga farasi, cha kwaya fulani ya Norwei, cha mzee aliyekusanya vifungo vya mashati. Kwenye maoni niliandika, "Kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo." Kwenye anwani niliweka imeli yangu yote, bila kuacha hata nukta. Baada ya miezi miwili nadhani ni Papa peke yake aliyekuwa hajaiona.

Matangazo yakaanza kama manyunyu, kisha yakawa mvua yetu ya mchana, ile inayokukuta sokoni bila mwavuli. Dawa ya kuotesha nywele, nami nilikuwa na nywele za kutosha vichwa vitatu. Mkopo wa kununua nyumba Florida. Mashine ya kukata nyasi. Chai ya kupunguza unene! Mimi niliyezaliwa katikati ya majani chai, mwembamba kama ufito wa kujengea, naletewa chai kutoka ng'ambo ili nipungue zaidi.

Na yule mama wa kalamu nyekundu nilikuwa namwogopa. Nikajibu zote. Tena nilijibu kwa heshima, kama tulivyofundishwa kuandika barua rasmi. "Mpendwa Bwana, natumaini hujambo wewe na jamaa yako. Sisi huku tu wazima, ndizi zimezaa. Kuhusu mashine ya nyasi, asante sana, lakini tuna ng'ombe." Nilikuwa nachapa kwa kidole kimoja, na laini ya simu ilikuwa ikikatika kila lori likipita nje, naanza upya. Nilikuwa natoka hapo shingo imekakamaa, macho mekundu, kama mtu aliyepigana na nyuki. Nikirudi siku nyingine, yule niliyemwambia tuna ng'ombe ameniletea mashine tano, na amewaambia binamu zake wote wauza magodoro.

Baadhi waliandika chini kabisa kwamba usipotaka barua zao, wajibu tu uwaambie wakuondoe. Nikafurahi. Nikawajibu mmoja mmoja, niondoeni tafadhali. Wakazidi! Nilikasirika mpaka nikaipiga meza, na madam akachungulia juu ya rafu ya kalamu.

"Kuna nini?"

"Kuna Wazungu, madam."

"Wanataka nini?"

"Nywele zangu."

Akacheka, akaenda kumuuzia mtu chaki.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Amu wa bwana harusi alikuja kutoka Nyamira, akakaa, akanywa chai, akaweka kikombe chini polepole.

"Sisi si watu wa haraka," akamwambia Mama. "Lakini mchungaji anauliza siku. Na kijana wetu naye ana macho, huko nje kuna wasichana wengine."

Dada alikuwa jikoni. Nikasikia sufuria ikianguka.

Mgeni alipoondoka, Mama alinigeukia. "Wewe. Hiyo mashine inasema nini?"

"Barua zimekuja nyingi sana, Mama."

"Za mwanangu?"

"Za watu wa magodoro."

"Kwa hivyo dunia nzima ina kalamu isipokuwa mtoto niliyemzaa mimi?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Amenisahau." Akaenda kuchuma mboga.

Kesho yake asubuhi niliteremka mjini nikiwa nimekusudia kumwandikia kaka matusi. Sikufika hata kwenye kiti. Madam alikuwa akinipungia mkono tangu mlangoni.

"Kaka yako amepiga simu hapa sasa hivi. Amekasirika! Anasema amekuandikia mara nne na barua zote zimemrudia. Sanduku lako limejaa. Amepata ruhusa ya Agosti, lakini asipopata jibu lenu leo, nafasi yake kwenye ndege inakwenda."

Mara hii sikusema nimesoma. Madam alikaa kwenye kiti changu, akafuta magodoro, nyasi, nywele na nyumba zote za Florida, na kaka akajibiwa kabla ya saa sita: Agosti, njoo, Mama anakungoja. Alikuja. Nilimwona akitembea na dada kanisani katika suti iliyombana mabega, na Mama mbele yao akiimba kuishinda kwaya nzima.

Lakini siku ile pale dukani, baada ya jibu kwenda, niliona madam anaendelea kufuta matangazo bila hata kuyasoma, nikamshika mkono.

"Madam, taratibu. Tusipowajibu hawa, si watatufungia sanduku?"

"Nani atafunga?"

Nikamweleza habari za yule mama wa Amerika. Madam hakucheka. Aliniuliza anwani yangu nimeiandika wapi, nikamtajia vile vitabu vya wageni, hata cha vifungo.

"Hakuna mama kama huyo," akasema. "Hizi hazikuandikwa kwako, zimeandikwa kwa kila anwani waliyoiokota, na yako wameiokota humo. Wengi hawajui kama kuna mtu anayesoma. Ukijibu, hata kukataa, wanajua yupo, wanamuuzia na mwingine anwani yako. Usijibu. Futa. Na anwani yako usiiandike tena kwenye kitabu chochote cha wageni."