Mtoto wa Pili kwenye Fomu

Mama Shuka alifika dukani kwa Bwana Karatasi saa tatu asubuhi, bahasha kwapani, gauni limenyooshwa hata inzi angeona haya kutua juu yake. Jina la Shuka alilipata hospitali kuu, kwenye chumba cha kufulia, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja mpaka mvuke ukamharibu kifua. Sasa alikuwa amestaafu, na binti yake anayeishi ng'ambo alimwalika likizo ya wiki tatu, akapumzike, akamwone na mjukuu anayemjua kwa sura ya kwenye simu tu. Kilichobaki ni viza, na mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa siku hiyohiyo.

Bwana Karatasi hakuwa wakili wala karani wa mtu. Alikuwa na kompyuta moja, mashine ya kopi yenye kukohoa, na mdomo usiopumzika. Mtaa mzima ulimwendea kujaziwa fomu.

"Mume?"

"Marehemu. Mwaka wa nne huu."

"Pole sana. Kusudi la safari tunaweka mapumziko. Na kweli upumzike, mama, umefua vya kutosha. Watoto?"

"Wawili. Binti huyo anayenialika, na mdogo wake wa kiume."

"Huyu wa pili anaishi wapi?"

Mama Shuka alijua swali hilo lingekuja, na jibu alikuwa nalo tangu nyumbani. "Andika anatafutwa."

Bwana Karatasi alicheka, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka. "Mama, hapa pana mawili tu. Yu hai, uweke anwani. Au amefariki, uweke tarehe. Anatafutwa haipo."

Aliyetunga fomu hiyo, kwa vyovyote, hajawahi kupotewa hata na kuku. Kule kwenye chumba cha kufulia, shuka isiyorudi kutoka wodini Mama Shuka aliiandika "inatafutwa". Wakubwa walimtaka aandike "imepotea" ili daftari lifungwe, naye akakataa katakata. Na moja ilirudi kweli, baada ya mwaka mzima, imejibana nyuma ya kabati la wodi ya wazazi. Aliikumbuka shuka hiyo kuliko zote.

Mwanawe aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita. Viza ya nchi hiyohiyo alinyimwa mara mbili, akaamua kumfuata dada yake kwa njia za panya. Alipiga simu mara moja tu, kutoka ufukweni, akasema, "Mama, kesho navuka." Mpaka leo kila Jumamosi Mama Shuka hupiga pasi mashati yake manne. Kola zimelika kwa pasi, si kwa shingo.

"Basi tumuache," Bwana Karatasi akanong'ona. "Tuandike mtoto mmoja. Nani atakuhesabia uzazi wako?"

"Nimezaa wawili."

"Najua, mama, lakini..."

"Wawili, baba."

Wakajaribu kuandika yu hai bila anwani. Kompyuta ikaweka mstari mwekundu, ikagoma kufungua ukurasa unaofuata. Ikabidi wampigie binti, simu ikawekwa mezani kwa sauti ya juu. Bwana Karatasi akamweleza.

"Mama," binti akasema, "andika amefariki."

"Nimuue mwanangu kwa ajili ya likizo?"

"Andika tu, mama. Tafadhali."

"Dada, inataka na tarehe," Bwana Karatasi akadakia, maana muda ulikuwa unakwenda. "Niweke yoyote?"

"Kumi na nne, mwezi wa tatu," binti akajibu, na mwaka akautaja, mwaka uleule aliovuka mdogo wake.

Mtu anayebuni tarehe husita kidogo. Huyu hakusita. Vidole vya Bwana Karatasi viliganda juu ya kompyuta.

"Umeijuaje?" Mama Shuka akauliza.

Kilio kikasikika upande wa pili. "Polisi wa huku walinipigia. Namba yangu ilikuwa mfukoni mwake, kaifunga kwenye nailoni. Nikaenda kumtambua. Moyo wa baba ulikuwa haubebi habari kama ile, nikasema nitangoja apate nafuu. Hakupata. Halafu nikashindwa, mama. Nilitaka uje kwanza, nikupeleke mwenyewe alipolala."

"Kila Jumamosi nakwambia nimepiga pasi mashati yake. Nawe unaniitikia, vizuri, mama."

"Nisamehe."

Mama Shuka alimchukia binti yake. Alimchukia hasa, moyo ukamfura, akataka kukata simu asimsikie tena. Kisha akamwona jinsi alivyokuwa mwaka ule, msichana wa miaka ishirini na mitatu, peke yake kwenye chumba cha maiti cha ugenini, hana hata wa kumshika mkono. Chuki ikamtoka, ikabaki huruma, nayo ilimuuma zaidi.

"Alikuwa amefunikwa?"

"Ndiyo, mama. Shuka nyeupe."

"Ilikuwa safi?"

"Safi."

"Imepigwa pasi?"

"Imepigwa pasi, mama."

Mama Shuka akatikisa kichwa taratibu. Bwana Karatasi alikuwa anapangusa kompyuta isiyo na vumbi.

"Tuahirishe, mama?"

"Andika."

Akaandika tarehe. Mstari mwekundu ukatoweka, ukurasa ukafunguka bila kinyongo. Akarudi juu, akasita. "Hapa kwenye kusudi la safari tuliweka mapumziko. Nibadilishe?"

"Ukiandika naenda kaburini kwa mwanangu, watataka nini?"

"Hati ya kifo. Na barua ya huko makaburini."

"Na mapumziko?"

"Mapumziko hayataki kitu. Sahihi yako tu."

"Basi yaache," akasema, akavuta kalamu.