Bastola Aliyopewa Suleiman Aipime

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya silaha, sajini alinipa rivolva iliyoshika kutu, akanambia niifungue na niifunge tena bila ya kumuuliza kitu. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, nami ndiyo kwanza nimeingia Maskati nikitokea Unguja. Kule nilikuwa fundi wa cherehani. Silaha sikuwahi hata kuishika. Lakini ndani ya cherehani mna springi, mna pini, mna vipande vinavyotakiwa kusuguana na vingine visivyotakiwa, na rivolva nayo ni hivyo hivyo. Niliifungua, nikavipanga vipande vyake juu ya kitambaa kwa mpangilio niliovitolea, nikaifunga. Sajini, Mbulushi mnene asiyekuwa na kicheko, aliizungusha karibu na sikio lake, akaisikiliza, kisha akasema, "Zein," yaani vizuri. "Njoo kesho."

Kambi yetu ilikuwa bonde la Ruwi, zama hizo hakuna kitu pale ila majabali na mitende michache. Mimi nilipanga chumba Matrah, mji wa bandari, na asubuhi tukipanda gari la jeshi. Karakana ilikuwa chumba cha mawe. Kiangazi kikichanganya, tupa na bisibisi tunazishika kwa kitambaa. Vijana wengi wanadhani fundi wa silaha ni mpigaji mzuri wa shabaha. Siyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba silaha inafanya linalotakiwa, na zaidi ya hilo, kwamba haifanyi lisilotakiwa.

Mwaka uliofuata akaja Suleiman. Mimi ndiye niliyempeleka kwa sajini. Tulikuwa majirani Vikokotoni kule Unguja, yeye akitengeneza redio, na alipofika Maskati hana kazi nilimwonea imani. "Huyu ndugu yangu," nilimwambia sajini, "ana mikono mizuri."

Alikuwa nayo kweli, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Kazi niliyoifanya mimi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, yeye keshaimaliza na anapiga soga. Kiarabu chake kilikuwa safi, kila kh na kila dh mahala pake. Mimi nikisema neno watu wananitaka nilirejee. Ijumaa tukenda pwani ya Yiti kuogelea, kila mtu anataka akae karibu na Suleiman. Na yule sajini asiyekuwa na kicheko nilimkuta siku moja amejishika ubavu, anacheka mpaka machozi, Suleiman anamhadithia vituko vya Darajani. Vituko vyenyewe vilikuwa vyangu, nilimhadithia mimi.

Nilimwonea wivu. Sisemi nilimchukia, kwani hakunipa sababu, na laiti angalinipa ningalipumzika. Aliposifiwa mbele yangu, chakula cha mchana kilikuwa hakinishuki.

Mkuu wetu wa karakana alikuwa kapteni wa Kiingereza aliyewahi kutumika Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko bara. Siku moja aliingia na sanduku, akaliweka juu ya meza ya Suleiman. Ndani mlikuwa na bastola mbili.

"Tajiri ya Matrah nataka kuuzia sisi hii," alisema. "Bei yake kidogo. Rivolva yetu imekwisha choka. Suleiman, wewe jaribu hii yote, kisha ambia mimi kama nafaa kwa kufundisha askari shabaha."

"Na mimi, Kapteni?" niliuliza.

"Wewe saidia Suleiman."

Mimi niliyemtangulia kazini, mimi niliyemwombea kazi, nikawa wa kumsaidia.

Nikuelezeni bastola yenyewe ilivyokuwa. Rivolva ina kikombe kinachozunguka na risasi zake ndani. Hii haikuwa hivyo. Risasi zilikaa katika kasha ndani ya mpini. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, na nguvu ya risasi hiyo hiyo inarudisha nyuma kifuniko cha juu, inatupa ganda, na kifuniko kikirudi mbele kinaingiza risasi nyingine. Kiunzi chake kilikuwa chuma kitupu. Urembo haikuwa nao, na ndani alama za tupa zilikuwa bado zinaonekana, kama kitu kilichofanywa na watu wenye haraka. Lakini ilikaa vizuri mkononi.

Suleiman aliipima kama inavyopaswa, na hilo siwezi kumnyima. Kabla ya yote alifanya jaribio la penseli kwa zote mbili. Unahakikisha bastola haina risasi, unatia penseli mtutuni, unaivuta nyundo nyuma, kisha unaifunga kufuli ya usalama. Kwenye bastola za namna ile, ukifunga kufuli nyundo inaanguka yenyewe, na kufuli inaizuia isiifikie sindano inayogonga kitako cha risasi. Penseli ikitulia, kufuli ni nzima. Penseli ikiruka, maana yake sindano imegongwa, na ingalikuwa risasi ingalitoka. Penseli zilitulia zote mbili.

Baada ya hapo tulikwenda nazo zote mbili wadini, kwenye mto mkavu nyuma ya kambi, palipokuwa na uwanja wa shabaha. Kila moja aliilaza juu ya mfuko wa mchanga ili ipimwe bastola na siyo mkono wa mpigaji. Matundu yalikaa pamoja hata ningaliweza kuyafunika kwa finjani ya kahawa. Aliianika juani, akaitia vumbi, akaipiga tena. Uzito wa kile kiunzi ulizuia teke lake, hata karani wetu, mtu mwembamba aliyeogopa mlio, aliipiga bila ya kufumba macho. Na mimi nilikuwa nyuma yao naokota maganda, na moyoni nnaiombea ikwame. Ilikwama mara moja tu, Suleiman akabadilisha springi ya kasha, ikawa basi.

Ilipofika siku ya kumwonyesha Meja, aliyekuwa mkubwa wa kambi nzima, tayari tulikuwa tumesikia kwamba mmoja wetu atapelekwa Uingereza kusomea ufundi. Kila mtu alijua ni nani.

Suleiman alisimama mbele, pale pale wadini, na bastola ya kwanza, anaeleza. Ya pili ilikuwa mbele yangu juu ya meza, nimeambiwa niifute tu. Niliifuta. Kisha nikatoa penseli mfukoni. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa natafuta kosa, kosa lolote, na nimekwisha kulitafuta kila pahala ila pale.

Niliitia mtutuni, nikavuta nyundo, nikafunga kufuli. Penseli ikaruka ikaanguka mchangani.

Niliiokota, nikarejea jaribio. Ikaruka tena.

Meja wakati huo amekwisha kuiangalia ile ya kwanza, akaja kwangu kanyosha mkono, katika mkono wa pili ana kasha limejaa risasi. "Nipe hiyo," alisema kwa Kiarabu. "Nnataka nione inavyokaa kiunoni imejazwa, kufuli imefungwa."

"Hii haijazwi," nilimwambia.

Meja hakuzoea kuambiwa hivyo. Kapteni alikuja mbio. "Rashid, nini wewe nasema?"

"Kufuli haizuii, Kapteni. Akiijaza akaifunga, itampiga mguuni."

Nilisema kwa sauti ya juu, nikihakikisha wote wamesikia. Na nilimtazama Suleiman, siyo Meja.

Suleiman alikuja, akachukua penseli kutoka mkononi mwangu, akafanya jaribio mwenyewe. Iliporuka, uso wake ulibadilika. Nikajisemea moyoni, leo. Leo ndiyo leo.

"Rashid kasema kweli," alimwambia Meja. "Mimi nilipima mwanzo, kabla ya kupiga. Baada ya kupiga sikurejea kupima. Kosa langu, na lingaliweza kukuumiza. Nipe mpaka alasiri nijue imekuwaje."

Aliifungua palepale mezani, mimi nikimshikia kioo cha kukuzia. Ile kufuli, peke yake katika bastola nzima, ilifanywa kwa chuma laini. Kila tulipoifunga baada ya kupiga, nyundo ikiiangukia ilikuwa inailamba kidogo, mpaka ikaisha. Alasiri alimweleza Meja kwa maneno ambayo hata mpishi angaliyafahamu: bastola ni nzuri, inalenga, ni nafuu, inafaa kwa uwanja wa shabaha, lakini tajiri alete kufuli za chuma kigumu, na kila moja ipimwe kabla ya kupigwa na baada ya kupigwa. Meja alimpiga begani. Zilinunuliwa kwa sharti hilo, na askari wengi walijifunzia.

Jioni nilimfuata Kapteni. Sikuweza kunyamaza. "Kapteni, aliyeona ni mimi."

"Kweli. Jicho yako mzuri sana," alinijibu. "Wewe ona kosa. Yeye ona kwa nini. Mimi nataka mtu ya kwa nini."

Suleiman akapelekwa Uingereza. Alirudi mwaka wa sabini, nchi imeanza kufunguka, na jamaa zetu waliokuwa wamezagaa Dar es Salaam na Cairo wanarudi makundi kwa makundi. Akafanywa mkuu wa karakana. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, naye hakunionyesha ukubwa hata siku moja. Alipoacha kazi akaingia biashara, mimi ndiye niliyeshika nafasi yake, na nilipokwenda kuwashukuru wakubwa nikaambiwa, "Mshukuru Suleiman. Yeye ndiye aliyekutaja."

Sasa nimestaafu, nnakaa Mawaleh, na Suleiman anakaa mtaa wa pili. Vijana wananiuliza kazi ile imenipa nini. Imenipa mikono isiyotetemeka, na tabia ya kupima kitu mara mbili, ambayo mke wangu hawezi kuistahimilia. Nnawaambia pia kwamba mtu unayemwonea wivu anakufanya uangalie zaidi. Lau ningalikuwa nnampenda Suleiman moyo safi siku ile, ningaliifuta ile bastola kama nilivyoambiwa, na Meja angaliijaza.

Mwezi uliopita binti yangu Asya alikwenda kumtazama Suleiman, kwani siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Aliporudi alikaa mbele yangu.

"Baba, Ami Suleiman kanipa khabari ya ile bastola. Kasema mbele ya wanawe wote kwamba ile safari ya Uingereza ilikuwa haki yako."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Na kasema hajapata kukwambia mwenyewe kwa sababu anakuonea haya."

Siku ile nilikula chakula changu chote. Nilitembea mpaka msikitini kama kijana. Lakini wakati wa kurudi, nilipopita mlangoni kwake na kuona viatu vya wageni vilivyojaa barazani, nilianza kuingiwa na wivu ule ule wa zamani. Miaka yote hii nilikuwa na neno zuri la kumwambia Suleiman, kwamba pale wadini, alipokubali kosa lake mbele ya Meja, alikuwa mwanamume kuliko mimi. Nilikuwa nnalingojea siku yake. Na hata kwa hilo kanitangulia.